Laini ya Kibanda cha Gakoromone

Kwa miaka kadhaa, katika ile miaka ya tisini, nililipwa mshahara kutazama watu wakiinua simu. Nilikaa Embu, kwenye chumba baridi nyuma ya mitambo, mbele ya kompyuta yenye maandishi ya kijani, na kila aliyeinua mkono wa simu kuanzia Embu mpaka Meru aliniandikia mstari bila kujua. Laini fulani imeinuliwa. Imepiga namba. Imeita. Imejibiwa. Iko bize. Imeshushwa. Mistari ilipanda juu ya kioo na kupotea, mingine ikaja chini yake, nami nikiwa na chai yangu iliyopoa nikitafuta laini yenye matatizo ili nimwite fundi. Ukiniuliza kama ilikuwa kazi nzuri, nitakuambia ilikuwa na kiti.

Kabla ya hapo nilikuwa opereta Meru mjini. Tulikuwa wanawake tuliokaa kwa safu mbele ya swichibodi, kila mmoja na nyaya zake na kisikizio kichwani. Mtu akiinua simu, taa inawaka mbele yako, unachomeka waya, unamuuliza anataka nani. Tulijua daktari alikuwa kwa nani Jumamosi, tulijua mwalimu yupi amehamishwa kabla yeye mwenyewe hajaambiwa. Na aliyekuwa akingoja kupigiwa kutoka mbali aliinua tu akasema, "Niko hapa," nasi tukamjibu, "Sawa, usiende mbali." Baada ya muda anainua tena kuuliza. Simu ikija wakati ameinua, opereta anaiona na kumuunganisha papo hapo. Hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kungoja simu kwetu.

Mama yangu alijifunza simu hivyo. Aliteremka kutoka kijijini akaingia kwenye kibanda cha simu kilichokuwa juu kidogo ya soko la Gakoromone, akainua, na wenzangu wakamtambua kabla hajamaliza salamu. Walimpenda kwa sababu alikuwa akituletea nduma zilizochemshwa, bado moto ndani ya kitambaa. Kwake yeye simu ilikuwa mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na wasichana.

Kisha mitambo mipya ikaletwa, ile inayojiunganisha yenyewe. Wenzangu waliambiwa waende nyumbani. Mmoja alianza kuuza nyanya hapo hapo Gakoromone, mwingine alirudi kwa mumewe ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemkimbia, na sikuona hata mkubwa mmoja aliyekosa usingizi kwa ajili yao. Mimi nilibakizwa kwa kuwa nilikuwa nimesoma kozi fupi ya kompyuta. Nikahamishiwa Embu, nikapanga chumba mtaa wa Dallas, nikapewa kile kiti. Mitambo ya Meru ilifungiwa ndani peke yake, ikatazamwa kutoka Embu, na siku za Jumapili hakukuwa na mtu pale Meru ila askari wa lango ambaye hata redio ilimshinda kutengeneza.

Nilimweleza mama kazi yangu mpya siku niliyokwenda kumuaga. Tulikuwa jikoni, tukiongea Kimeru kama kawaida yetu.

"Kwa hivyo nikiinua simu, wewe utajua?"

"Nitaona laini ya kibanda imeinuliwa, basi. Sitakusikia."

"Lakini utajua ni mimi."

"Sitajua, mama. Inaweza kuwa mtu yeyote."

"Nikiinua nikashusha bila kumpigia mtu," akasema, "nani mwingine atafanya hivyo? Utajua nimefika." Alifurahi kweli. Nami nilicheka, kwa sababu sikuona ubaya wowote.

Sasa nimlete ndugu yangu. Alikuwa kitinda mimba, mwenye mikono mizuri ya kazi na kichwa kigumu. Baba alipokufa, kahawa ilikuwa haina faida tena. Ulichuma, ukapeleka kiwandani, ukangoja malipo hadi ukasahau ulikuwa unangoja nini. Kwa hiyo wiki moja mama alipokuwa kwenye matanga upande wa Nkubu, ndugu yangu aling'oa miti ya kahawa ya baba, yote, ili apande miraa. Mama alirudi akakuta mizizi imeelekea juu. Alisimama katikati ya shamba akamwambia, mbele ya majirani, asikanyage pale tena mpaka kahawa ile iote. Nilikuwapo. Mimi mwenyewe nilikuwa na hasira, na kama mama asingesema, huenda ningesema mimi.

Ndugu yangu aliondoka siku hiyo na shati moja. Tulisikia yuko Nairobi, kwenye machimbo ya mawe, na kisha hatukusikia kitu.

Kwetu neno la namna hiyo si la mchezo. Mzazi akimtamkia mtoto jambo kwa hasira, neno lile hukaa juu ya mtoto, na kinachoweza kuliondoa ni kinywa kile kile kilicholisema. Mtoto lazima asikie kwa masikio yake. Huwezi kumtuma jirani akaseme, "Mama yako amesamehe." Jirani atakuwa amebeba maneno tu. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa na kila kitu, lakini siwezi kukudanganya kwamba sikuliamini. Mama naye aliamini kuliko mimi, na alikuwa mzee wa kanisa. Mwaka haukuisha kabla hasira yake haijaisha, ikabaki hofu. Kila kikohozi alichosikia njiani kilikuwa cha mtoto wake anayekufa mahali fulani na neno lake shingoni.

Ndipo jirani yetu mmoja, aliyekuwa akisafirisha viazi, akakutana na ndugu yangu stendi ya mabasi Nairobi. Akamwambia kwamba mama anataka kuongea naye. Ndugu yangu, jirani alivyosimulia, akakubali kupiga simu. Jirani akampa namba ya kibanda cha Gakoromone, ambayo sisi wote tuliijua kwa kichwa. Wakapatana iwe Jumapili, watu wakitoka kanisani. Kuhusu anakoishi, ndugu yangu alisema huwa anahamahama. Namba yangu ya Embu jirani hakuwa nayo, na ndugu yangu alidhani mimi bado niko kwenye swichibodi ya Meru, ambayo haikuwepo tena duniani.

Mama aliponiletea habari hizi alikuwa amepunguza miaka. Nilimshika mabega nikamwambia neno moja: usiinue. Ukifika pale kaa kando, iache simu kwenye ndoano yake, ikilia ndipo uinue. Nikamweleza kwamba siku hizi ukiwa umeinua, anayepiga anakuta laini iko bize, na mtambo hauna wa kumwambia angoje.

"Nimekuelewa," alisema.

"Rudia nilichosema."

"Nisiinue. Mimi si mtoto."

Jumapili hiyo nilibadilishana zamu na mwenzangu ili niwe kwenye kiti. Nilijua laini ya kibanda kile kama ninavyojua jina langu. Saa ya kutoka kanisani ilipokaribia, nikaona: imeinuliwa. Hakuna namba. Imeshushwa. Nikajua mama amefika. Nilitabasamu hata, Mungu anisamehe. Baada ya dakika chache: imeinuliwa. Hakuna namba. Ikakaa hivyo. Nikasema kwa sauti, "Shusha, mama." Ikashushwa. Ikainuliwa tena.

Kisha ukaja mstari mwingine chini yake. Simu inaingia, kwa njia ya Nairobi, kwenda kibanda cha Gakoromone. Iko bize.

Simu za kutoka mbali hazikuonyesha namba ya anayepiga. Zilionyesha njia zilizopitia, basi. Huyo angeweza kuwa yeyote mwenye jamaa Gakoromone, na watu wa huko wana jamaa wengi Nairobi kuliko mbuzi. Lakini nilikuwa nimeshasogeza kiti karibu na kioo. Laini ikashushwa, halafu ikakaa kimya muda, na njia ya Nairobi ikawa kimya nayo. Ikainuliwa. Na kana kwamba mtu wa upande ule alikuwa akiangalia kioo kile kile, simu ikaingia, ikakuta bize.

Fundi wa zamu alikuwa amekaa nyuma yangu akila mkate.

"Madam, hiyo laini ya soko iko na shida gani? Inainuliwa inainuliwa tu na hakuna namba."

"Ni mtu."

"Mtu gani hafanyi chochote?"

"Anasikiliza kama simu iko hai."

"Huyo ndiye anaiua," fundi akasema, akaendelea na mkate wake. Nilitaka kumtupia kikombe. Alikuwa amesema kweli tupu.

Ungefikiri mtu aliyekaa mbele ya mtambo unaoona kila simu atakuwa na la kufanya. Enzi za swichibodi ningechomeka waya nikaingia katikati nikasema, "Mama, shusha, kuna mtu." Sasa mtambo ulinipa macho ukaninyima mdomo. Nguvu za kugusa laini zilihitaji neno la siri la mkubwa, na mkubwa Jumapili alikuwa shambani kwake. Kumpigia mama kibandani kungeifanya laini iwe bize vile vile. Kumtuma mtu Meru, nimtume nani? Wote niliowajua wenye simu walikuwa na simu za ofisini, na Jumapili ofisi zimefungwa.

Hata hivyo nilimpigia, Jumapili iliyofuata, laini iliposhushwa. Iliita mara moja tu. Alijibu kwa jina la ndugu yangu. Hakusema halo, alisema jina, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo tena.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Aa. Ni wewe."

Nikamwambia aache kuinua, naona kila kitu, nakuomba, mama, iache. Akasema ameinua kidogo tu, kuona kama wasichana wako, na kunijulisha amefika. Nikapandisha sauti. Nikamwambia hakuna wasichana! Walifukuzwa! Akasema, "Usinipigie kelele kwenye simu ya watu," akashusha. Sikumpigia tena. Ile sauti yake ilivyoanguka baada ya kunitambua ilinitosha.

Watu wameniuliza, wale wachache niliowasimulia, kwani alikuwa mjinga? Hakuwa mjinga. Alilea watoto, alijenga nyumba, alihesabu zaka ya kanisa zima bila kukosea. Lakini mweke mtu mbele ya kitu ambacho roho yake yote inakingoja, kiwe kimya, kiwe kinaweza kuwa kimekufa bila yeye kujua, halafu umwambie asikiguse. Vibanda vile vilikufa kila siku, watu walivunja vioo na kuiba mikono ya simu. Alikuwa akijihakikishia. Akisikia ule mlio mrefu sikioni, alijua mtoto bado anaweza kufika. Kwa hiyo aliinua ili kusikia kwamba mlango uko wazi, na kwa kuinua akaufunga.

Nilikwenda Meru. Niliomba ruhusa ya Jumapili moja, nikapewa kwa manung'uniko. Tulitoka kanisani pamoja, tukaketi kwenye jiwe kando ya kibanda, mimi nikiwa nimemshika mkono kama polisi. Chini yetu Gakoromone ilikuwa imejaa, wanawake na ndizi zao, kabichi zimepangwa milima milima, wapagazi wakitukanana. Watu walikuja kupiga simu zao nasi tukawaomba wafanye haraka. Mara mbili au tatu mama alisogea ili ainuke na mimi nikambana.

"Itakuwa imekufa," alisema.

"Haijakufa."

"Umejuaje, na leo hauko kwenye kioo chako?"

Kivuli cha kibanda kilitupita kikaenda upande wa pili wa barabara. Simu haikulia. Tulipanda nyumbani, na njiani nilianza kufikiri kwamba labda ile ya njia ya Nairobi kweli ilikuwa ya mtu mwingine, na ndugu yangu hakuwahi kupiga hata siku moja. Wazo lile lilinipa nafuu, na nikajichukia kwa ile nafuu.

Jumatatu, Embu, nilimuuliza mwenzangu aliyekalia kiti changu kama kulikuwa na simu iliyokwenda laini ya soko.

"Simu gani?" akasema. "Njia ya Nairobi ilikatika Jumamosi usiku. Mvua. Imerudi leo asubuhi hivi."

Ndiyo Jumapili pekee ambayo simu ile ilikaa kwenye ndoano yake siku nzima. Nilikwenda chooni nikalia huko, kwa sababu ofisini kulikuwa na fundi na mikate yake.

Jumapili zilizofuata nilirudi kwenye kiti. Ruhusa nyingine nilinyimwa. Mama alikuwa amejizuia zaidi, hilo niliona, maana laini ilikuwa ikikaa kimya muda mrefu nikaanza kuomba kimoyomoyo. Halafu imeinuliwa. Nikiwa nimeikazia macho, simu ikaingia kwa njia ya Nairobi, iko bize, na safari hii aliyepiga hakukata upesi. Alikaa akisikiliza ule mlio wa bize hadi mtambo wenyewe ukamwondoa. Nilikaa nikiutazama mstari huo ukipanda. Ulipanda, ukafika juu, ukapotea, na baada ya siku ile hakuna simu yoyote ya Nairobi iliyoingia kibanda kile saa ya kutoka kanisani. Laini iliendelea kuinuliwa na kushushwa kama kawaida, na hakuna mtu aliyeizuia wala kuihitaji.

Ndugu yangu aliletwa nyumbani kwa pikapu iliyochangiwa na wenzake wa machimbo. Kifua, walisema. Vumbi la mawe, na baridi, na kulala njaa. Mama alisimama kwenye lango, akaweka mkono juu ya jeneza kabla halijaingia, akaliondoa lile neno lake kwa sauti ya wazi ili kila mtu asikie. Alilisema vizuri, bila kukosea, kama mtu aliyelifanyia mazoezi kila Jumapili. Nilijua kwamba halikumfikia aliyepaswa kulisikia, na yeye alijua, na majirani wakatazama chini. Tulimzika pale kahawa ilipokuwa.

Baada ya mazishi, mmoja wa wale wenzake alinifuata nyuma ya nyumba, akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Dada, nikuambie kitu? Huyu jamaa alikuwa anapiga simu huku kila Jumapili. Anapanga foleni pale kwa kibanda, anapiga, anarudi. Tukimuuliza anasema mama yake ametoa mkono wa simu, ameuweka kando ili asimpate. Akasema basi, amechoka kukataliwa."

Nilimshukuru. Nilimuuliza kama anataka chai zaidi. Sijui kwa nini mtu hufanya hivyo.

Wageni walipoanza kutawanyika, jua likiwa bado juu, mama aliniita akaniketisha kwenye benchi kando yake. Alikuwa mtulivu, na utulivu ule uliniogopesha.

"Wewe ulikuwa umekaa huko unaona simu zote," alisema. "Sitaki unifariji. Alipiga?"

Ningeweza kusema hakupiga. Lakini basi angebaki akijua kwamba mtoto wake alikufa bila hata kumtafuta, na niliona hilo haliwezi kubebeka. Nikadhani ninampa kitu cha kushika. Hayo mengine ya mkono wa simu kuwekwa kando niliyameza, na nimeyameza hadi leo.

"Alipiga, mama. Alipiga kila Jumapili."

Uso wake ukafunguka. Akanishika goti. "Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Na mbona haikulia?"

Nilitazama kwingine. Kuku walikuwa wakichakura pale watu walipokuwa wamesimama. Mama alinisubiri, kisha akaacha kunisubiri. Niliona akilifikia jibu yeye mwenyewe, polepole. Mkono wake ukatoka kwenye goti langu.

"Lakini mimi nilikuwa namngoja," alisema. "Nilikuwa namngoja tu."